Mama anasubiri mwisho, nami nimeshauona

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga mjini, Chumbageni. Ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, naishi na mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kiume. Mama alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu, na kazi ile haijamtoka. Mtu akisimulia jambo nyumbani kwetu, mama hunyamaza mpaka mwisho, halafu huuliza swali moja tu, na hapo ndipo unaona hadithi yako ilikuwa na tundu.

Dada yetu aliye Uingereza alituletea diski za tamthilia ya Line of Duty. Inahusu kikosi kiitwacho AC-12 ambacho kazi yake ni kuwachunguza polisi wala rushwa na washirika wa majambazi. Mama anakiita Takukuru ya Wazungu. Ni misimu sita, sehemu 36 kwa jumla, na Jumamosi baada ya swala ya Isha nyumba nzima inajua tunakaa sebuleni. Jirani yetu mmoja huja na kashata, mama hutoa kahawa.

Kiingereza chao mama hakifuati. Anafahamu neno hapa na neno pale, lakini yule mkuu wao, Hastings, ana lafudhi ya Ireland ya Kaskazini, na wengine wanasema mbio. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Katikati ya wiki naangalia sehemu inayofuata peke yangu, naandika majina, vyeo na vifupisho, na Jumamosi nashika rimoti: nasimamisha, naeleza, naachia. Sehemu ya saa moja hutuchukua karibu saa mbili.

Sasa tumebakiza sehemu moja tu, ya saba na ya mwisho ya msimu wa sita, na mimi kwa kazi yangu ya maandalizi nimeshaiona. Shangazi, imeniumiza. Tangu msimu wa nne tunamtafuta mtu wa siri anayeitwa H. Katika msimu wa tano tukaambiwa kwamba yule askari aliyekufa mwishoni mwa msimu wa tatu alikuwa akigonga kidole kwa alama za Morse, nukta nne, ambazo ni herufi H, na maana yake wasaliti walikuwa wanne. Watatu tumewajua. Wa nne ametajwa katika sehemu hii ya mwisho, na nilipoona ni nani nilihisi nimeibiwa. Miaka yote ile, mafumbo yote yale, halafu jibu ni hilo!

Mama ana daftari. Ameandika ushahidi wa kila mtu tangu msimu wa tatu. Yeye anaamini wa nne ni mtu wa juu kabisa, kwa sababu samaki huanza kuoza kichwani. Anasema siku ya kutajwa jina atataka tusimamishe picha, asome hoja zake kwanza, ndipo tuendelee. Namwangalia anavyosubiri na moyo unaniuma.

Mdogo wangu anasema nibadilishe katika tafsiri, nimpe mama mwisho anaoustahili, nani atajua? Dada anasema tuache hapo hapo, kwa kuwa BBC ilitangaza Novemba 2025 kwamba msimu wa saba unatengenezwa, huenda ukarekebisha mambo. Jirani anasema nimweleze mama mapema ili asije akavunjika moyo mbele za watu. Jumamosi iliyopita kulikuwa na msiba mtaani, hatukuangalia. Hii inayokuja sina sababu ya kuahirisha.

Na kuna jambo jingine. Hii ikiisha, tutakaa na nini? Mdogo wangu ni mtu wa mpira. Nahofia Jumamosi itarudi kuwa ya mpira, na mama atarudi chumbani na redio yake.

Nifanye nini?

Mtoto wa Karani, Tanga

—

Marahaba mwanangu,

Nianze na nililofanya katika barua yako kabla ya kuichapa. Ulikuwa umelitaja jina la mtu wa nne, nimelitoa. Wapo wasomaji walio katikati ya safari hiyo hiyo, na baadhi yao nao wanaangalia na mama zao. Huko chini kuna aya moja itakayogusa namna mwisho ulivyo, bila jina, nami nitaonya kabla ya kuifikia.

Nimekuelewa hivi: umebeba uchungu wa mwisho usioupenda, na unaogopa Jumamosi utamkabidhi mama uchungu huo huo kwa mdomo wako mwenyewe. Chini yake kuna hofu ya pili, uliyoiandika kama nyongeza, lakini naona ina uzito kuliko ulivyokiri. Nitairudia.

Kuhusu uchungu wako, hauko peke yako. Sehemu hiyo ilirushwa BBC One tarehe 2 Mei 2021, ikatazamwa na watu milioni 12.8, na wengi wao walilala wamenuna. Sababu zake zinaeleweka, na kuzielewa kutakusaidia kutenganisha kosa la tamthilia na kosa la matumaini yetu sisi watazamaji.

Msimu wa kwanza, wa mwaka 2012, ulikuwa na sehemu tano na swali moja: je, huyu afisa anayesifiwa ni msafi? Swali likaulizwa, likajibiwa, mlango ukafungwa. Uzuri wa tamthilia ulikuwa hapo. Kila msimu ulileta mtuhumiwa wake, mwigizaji mkubwa mgeni, na chumba kile cha mahojiano ambamo watu wanakaa mezani muda mrefu hadi ukweli unaanza kuchuruzika. Swali la H lilikuja baadaye, likabebwa kutoka msimu hadi msimu. Kuanzia hapo mwandishi, Jed Mercurio, alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kumaliza kesi ya msimu, na kulisogeza swali kubwa bila kulijibu. Msimu wa tano ulitoka 2019. Upigaji picha wa wa sita ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na kuendelea Septemba, hivyo watu wakangoja miaka miwili. Katika miaka hiyo kila mtazamaji alijijengea H wake. Hakuna jina moja ambalo lingetosha kichwa cha kila mtu, na kadiri swali linavyokaa ndivyo jibu linavyoonekana dogo.

Sasa naingia kwenye mwisho wenyewe. Asiyefika huko aruke aya hii. Mwisho ule unasema kwamba madhara makubwa hayahitaji mtu mwenye akili kubwa. Yanaweza kupita mikononi mwa mtu ambaye kila mmoja alimpuuza, na uharibifu wake ukachukuliwa kuwa uzembe tu. Wewe ulitaka jabali, ukapewa kokoto. Naelewa kwa nini uliona umeibiwa. Lakini jiulize jambo hili kwa utulivu: nani amekwambia kwamba mama naye ataona hivyo? Huyu ni mtu ambaye majalada ya mahakama ya mwanzo yamepita mikononi mwake kwa miaka. Waliosimama kizimbani pale hawakuwa majabali. Inawezekana kabisa kwamba wewe, uliyelelewa na tamthilia, ulingoja mhalifu wa tamthilia, na mama, aliyelelewa na mahakama, ataona anayemtambua. Inawezekana vilevile akakasirika kuliko wewe. Sijui, na wewe hujui. Ndilo ninalotaka uliangalie kabla ya kuamua lolote: barua yako imeshamwandikia mama hisia zake, naye bado hajaona kitu.

Na lile daftari. Umelichukua kama dalili kwamba atavunjika moyo akikosea. Mimi nikilisoma naona mtu anayefurahia kukusanya ushahidi, na ambaye ametangaza mapema kwamba atasoma hoja zake kabla ya hukumu. Anayeomba kusikilizwa kabla ya jibu ameshajiandaa kwamba jibu linaweza kuwa tofauti.

Sasa tuyapime mashauri uliyopewa.

La mdogo wako ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ingawa limetoka kwenye upendo. Tuanze na kama linawezekana. Msaliti wa nne hatajwi kwa maneno peke yake. Mtu anaingia chumbani kwa miguu yake, anakaa kwenye kiti cha mtuhumiwa, na kamera inabaki usoni pake. Mama ameangalia sehemu 35. Sura zote anazijua. Utamwambia huyu aliyekaa pale ni shahidi? Itabidi ubadilishe mahojiano yote, kisha matukio ya baada yake, kisha maandishi yanayotokea mwishoni. Na mama anasikia Kiingereza kuliko anavyoonyesha: neno hapa na neno pale linatosha kumkamata mtafsiri anayedanganya. Msimu wa saba ukija, uongo utahitaji uongo mwingine.

Lakini hata kama lingewezekana, kuna hili. Mama anajua kwamba mkalimani wa mahakama huapishwa kabla ya kufungua mdomo. Jumamosi zote hizo amekuwa akiipokea tamthilia kupitia sauti yako, bila njia ya kuhakiki. Akija kugundua kwamba mara moja ulimgeuzia, atajiuliza ni mara ngapi nyingine. Hilo litagusa sehemu 35 zilizopita, si hii moja tu.

La dada, la kusubiri msimu wa saba, lina ubinadamu wake, na habari yenyewe ni ya kweli: BBC imeutangaza. Ila msimu mpya hauwezi kuanza bila kuukanyaga mwisho wa ule uliopita, kwa hiyo mama atatajiwa jina katika marudio ya dakika mbili badala ya kulipata katika saa nzima aliyoingojea. Na kumwacha mtu wa umri wake akisubiri kitu ambacho diski yake iko kabatini, si rahisi kumwelezea kwa nini. Faida moja naiona: kama ungehitaji muda wa kutuliza uchungu wako, wiki mbili tatu zingekusaidia. Nitakuonyesha namna ya kuzitumia bila kumdanganya mtu.

La jirani lina ugumu wa aina nyingine. Ukisema, “Mama, wengi hawakuupenda mwisho,” umesema kidogo sana kwa mtu wa kawaida na umesema kila kitu kwa karani. Atakuuliza swali lake moja. Utajikuta unajibu kwa uso kabla ya mdomo. Lakini kuna namna ya kuonya isiyotoa siri: mwambie tu kwamba umeshaiona, kwamba una maoni yako, na kwamba hutayasema mpaka yeye aseme yake. Hilo ni kweli tupu, na linampa heshima ya kuwa wa kwanza. Hatari yake ni kwamba atakusoma usiku mzima akitafuta dalili. Unamjua kuliko mimi. Kuna wazazi ambao hilo litawachangamsha, na wapo ambao litawaharibia utulivu.

Linabaki lile ambalo hakuna aliyekushauri, nalo ni kuiweka diski na kuitafsiri kama ulivyotafsiri nyingine zote. Linaonekana rahisi, ila kwako wewe ndilo gumu, na nitakwambia linapoharibika. Mkalimani aliyechoshwa na anachotafsiri huanza kufupisha. Sentensi tatu zinakuwa moja. Anaacha kusema “mimi nilifanya” anasema “anadai alifanya.” Anaweka pumzi ndefu kabla ya jina. Kwa hiyo mama hatakuwa ameiona sehemu ya saba; atakuwa ameona maoni yako juu ya sehemu ya saba.

Ukichagua njia hiyo, iangalie tena peke yako kabla ya Jumamosi, safari hii bila kutafuta kufurahi. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na andika mahojiano ya mwisho kwa Kiswahili mstari kwa mstari, ili usiku ule usome badala ya kubuni. Sema kwa nafsi ya kwanza, kama anavyosema mhusika. Usisimamishe picha katikati ya swali na jibu, kwa sababu nguvu ya chumba kile iko kwenye kimya kinachofuata swali. Simamisha pale wanapoonyesha kielelezo kwenye skrini au wanapofungua jalada. Hapo hata wao wenyewe hutulia. Ule mlio mrefu wa kinasa sauti mwanzoni mwa mahojiano ni nafasi yako ya kumkumbusha mama nani amekaa upande gani. Na vyeo uvishike kwa usahihi: pale mtuhumiwa ana haki ya kuhojiwa na ofisa aliyemzidi angalau cheo kimoja, na wahusika huitumia haki hiyo kama ngao. Ukiwaita sajenti na inspekta wote “askari,” mama atakosa kuona kwa nini mtu amekataa kujibu. Hastings mwite Mrakibu, mama atamweka mahali pake mara moja. Vifupisho visikutishe. Msimu huu wa sita ulipoanza, hata Waingereza walilalamika kwamba CHIS hawaielewi. “Mtoa habari wa siri” inatosha.

Kuna jambo unaweza kulifanya kabla, kama unataka zile wiki mbili tatu nilizozitaja. Mwambie mama kwamba kabla ya hukumu mngepitia ushahidi. Hapo husemi uongo, na kwa mtu mwenye daftari ni zawadi. Rudieni sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, ambamo yule askari anakufa, na ya mwisho ya msimu wa tano, ambamo zile nukta nne zinafafanuliwa. Mkiwa na subira, rudini hata msimu wa kwanza wote. Ni sehemu tano tu. Sababu ya kuupendekeza huo utaijua wewe uliyeshaona mwisho. Nina matumaini kwamba hata wewe utaona kitu ambacho hukukiona mara ya kwanza, na labda kokoto litaongezeka uzito. Hatari ipo: mama akikumbuka vizuri sana anaweza kulipata jina kabla hujaweka diski ya mwisho. Akilipata, mwache.

Siku yenyewe, picha ikiisha, usizime na usiseme. Mpe muda. Akinuna, nuneni pamoja. Kunung’unikia mwisho mbovu kwa saa nzima juu ya kahawa ni raha yake mwenyewe, na hapo ndipo utakapomwaga yote uliyoniandikia mimi. Akiupenda, utakuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu utatamani kumweleza kwa nini amekosea kuupenda. Hapo naomba umuulize kwanza ameona nini. Unaweza kumwambia kwamba wewe hukuupenda, bila kumpokonya wake.

Nirudi kwenye hofu ya pili. Umeuliza “tutakaa na nini?” Nadhani sehemu ya hasira yako kwa mwisho huu ni kwamba ni mwisho. Kama ungekuwa mzuri kupita kiasi bado ungekuwa umewamalizia Jumamosi zenu. Je, umewahi kumuuliza mama kama anachopenda ni AC-12, au ni kukaa nawe ukimtafsiria? Yawezekana hata yeye anaiogopa diski ya mwisho, na daftari ni namna yake ya kuichelewesha. Zungumza naye kuhusu Jumamosi kabla ya kuzungumza naye kuhusu H. Na mdogo wako mshirikishe: ratiba ya mpira inajulikana mapema, mnaweza kuhamia usiku mwingine bila mtu kushindwa.

Mkitaka nyingine, ipo Broadchurch, tamthilia ya upelelezi ya kituo cha ITV cha Uingereza, misimu mitatu ya 2013, 2015 na 2017, kila mmoja sehemu nane. Inafanyika katika mji mdogo wa pwani wa Dorset ambako kila mtu anamjua mwenzake, jambo ambalo mtu wa Tanga halihitaji tafsiri. Kuna kifo cha mtoto, kwa hiyo msikae na wajukuu. Mazungumzo yake ni ya polepole kuliko ya AC-12 na vifupisho ni vichache, ila mwigizaji mkuu, David Tennant, ana lafudhi ya Scotland, maandishi ya chini yatakufaa. Jambo zuri kwenu ni kwamba swali la nani aliua linajibiwa mwisho wa msimu wa kwanza, halibebwi kwa miaka. Msimu wa pili unaingia mahakamani, na wanasheria wa Uingereza waliulalamikia kwamba utaratibu wa kesi umekosewa mahali pengi. Mama atayaona makosa hayo kabla yako. Mpe kalamu, na safari hii rimoti ashike yeye.

Shangazi